Mizani Kabla ya Kidonge: Sonona, Dawa Zake na Uzito wa Mwili

Mtu aliyelemewa na sonona hata akashindwa kuinuka kitandani, akaacha kazi, akaacha sala, akawa hawezi kuvumilia hata sauti za wanawe, anapofikishwa kwa tabibu na kupewa kidonge cha kumeza kila usiku, ni nadra kuambiwa siku ile kwamba baada ya miezi sita huenda nguo zake zikamkataa. Tabibu huona haya kutaja jambo dogo mbele ya kubwa. Jamaa waliomleta hawana nafasi ya kuuliza. Na mgonjwa mwenyewe, ambaye dunia nzima imemchusha, hana haja ya kujua. Lakini miezi hiyo ikishapita na roho ikaanza kurejea mahali pake, jambo lile dogo hukua, na aghalabu ndilo linalomtoa mgonjwa katika dawa kabla dawa haijamaliza kazi yake. Ndipo sonona hurejea, mara hii pamoja na unene, na lawama zote hutupiwa kidonge.

Nakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba lawama hizo zina haki kwa sehemu na zina dhuluma kwa sehemu. Uzito unaopanda au kushuka wakati wa kutumia dawa za sonona ni kama deni lililoandikwa katika daftari moja na wadai wanne: yapo maradhi yenyewe, ipo nafuu, ipo dawa, na yapo maisha ya mgonjwa, ambayo hayakusimama kumngoja apone. Asiyemweka mgonjwa juu ya mizani kabla ya kidonge cha kwanza amejinyima njia ya kujua kila mdai anadai kiasi gani, na baada ya hapo kila atakalolisema juu ya unene ule ni dhana.

Tuanze na maradhi. Sonona si huzuni ya moyoni peke yake. Ni maradhi yanayoshika usingizi, hamu ya kula, nguvu za viungo na matamanio ya ndoa. Mwongozo wanaoutumia matabibu wa Marekani katika kutambua maradhi ya akili umehesabu badiliko la uzito kuwa miongoni mwa dalili zake, na kiasi ulichokitaja ni asilimia 5 ya uzito wa mwili ndani ya mwezi mmoja pasipo mtu kukusudia, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60. Wengi hukonda, kwa kuwa chakula huwa hakina ladha na kukitafuna ni kazi. Wengine, nao si haba, hulala mno na kula mno, hasa vitu vitamu na vya unga, na kilo huwapanda kabla hawajaonana na tabibu. Kwa hiyo wagonjwa wawili wanaoanza dawa ile ile siku moja hawaanzii mahali pamoja. Yule aliyepoteza kilo 8 katika miezi ya kuugua, akizirejesha kilo 8 katika miezi ya kupona, hakunenepeshwa na kitu, amerudi alikokuwa. Mwenzake aliyeingia na kilo 8 za ziada, akaongeza 5 juu yake, ana kisa kingine kabisa. Na ajabu ni kwamba kwa macho ya jirani ni huyo wa kwanza anayeonekana kugeuka sana, ilhali wa pili, aliye katika hatari, hupita bila kutazamwa mara mbili.

Uhusiano wa dawa hizi na hamu ya kula ni wa tangu kuzaliwa kwake. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View iliyopo Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakijaribiwa dawa mpya iitwayo iproniazidi, na matabibu wakashuhudia jambo wasilolitazamia: watu waliokuwa wamelala kungoja ajali yao walichangamka, wakataka chakula, wakaongezeka uzito. Mwaka 1957 Nathan Kline na wenzake, huko huko Marekani, wakaitangaza dawa hiyo kuwa tiba ya sonona. Na mwaka uo huo Roland Kuhn, tabibu katika hospitali ya Münsterlingen nchini Uswisi, akachapisha habari za imipramini, ya kwanza katika kundi la dawa ambazo hata leo hugawiwa katika vituo vyetu vya afya. Amitriptilini, ndugu wa imipramini, iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1961. Haukupita muda mrefu kabla malalamiko hayajaanza. Mwaka 1973 Paykel na wenzake walieleza, katika jarida la matabibu wa akili wa Uingereza, kwamba watumiaji wa amitriptilini hawakuongezeka uzito tu bali walishikwa na uchu wa vyakula vya wanga na vitu vitamu. Na mwaka 1984 uchunguzi mwingine, wa wagonjwa 40 waliokuwa wakitumia dawa za kundi hilo, ulionyesha ongezeko la baina ya nusu kilo na kilo moja na robo kwa kila mwezi, ongezeko lililosonga mbele mwezi kwa mwezi na likaanza kupungua dawa ilipoachwa. Watu hawa hawakuwa walafi. Walikuwa na njaa iliyoletwa na dawa, na walikuwa wakiitii.

Hapa pana nukta moja isiyotajwa sana, nami naiona kubwa. Kipimo cha sonona alichokitunga Max Hamilton mwaka 1960, ambacho kwa miongo mingi kilikuwa ndicho hakimu wa majaribio ya dawa hizi, kimetenga alama kwa kukosa usingizi, alama kwa kukosa hamu ya kula, na alama kwa kupungua uzito. Dawa imleteayo mtu usingizi na njaa hujizolea alama za nafuu katika kipimo hicho hata kabla moyo wa mgonjwa haujafunguka. Simaanishi kwamba dawa za zamani hazikutibu. Zimetibu, na hujja zake ni nyingi. Nasema tu kwamba kile ambacho mgonjwa atakiita taksiri katika mwezi wa sita, kiliandikwa kuwa fadhila katika wiki ya tatu. Wala hapakuwa na hila ndani yake: kipimo kilitungwa kwa kuwatazama wagonjwa waliolazwa hospitalini, na aghalabu ya hao walikuwa wamekonda.

Njia vinazopita vidonge hivi hata vikafika kiunoni si moja. Iliyo dhahiri kuliko zote ni ile ya histamini, kemikali ambayo katika ubongo humweka mtu macho na kuizuia njaa yake isipindukie; dawa inayoiziba, kama zifanyavyo amitriptilini na mirtazapini, humlaza mtu na kumpa njaa kwa mkupuo mmoja. Anayetaka mfano wa jambo hili asiende mbali. Katika miji ya Kongo na ya Afrika Mashariki imeenea desturi ya kununua siproheptadini, ambayo asili yake ni dawa ya mzio, kwa ajili ya kunenepa tu, mara nyingine ikichanganywa na deksamethasoni kwa ujinga wa hatari. Na siproheptadini huleta njaa kwa kuziba histamini na baadhi ya milango ya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, nayo ni milango ile ile inayozibwa na mirtazapini. Kwa hiyo lile ambalo mmoja analilipia fedha dukani, mwingine analilalamikia kliniki.

Serotonini nayo ina tabia ya ndumilakuwili. Ikiongezeka ghafula hupunguza njaa, na kwa sababu hiyo watumiaji wa fluoksetini, dawa ya sonona inayoiongeza, wengi hupungua kidogo katika wiki za mwanzo, na kichefuchefu hukamilisha kazi. Lakini mwili hujizoeza, na baada ya miezi kadhaa kizuizi kile hulegea. Kisha kuna njia ambazo hazipiti ubongoni. Amitriptilini hukausha kinywa, na mwenye kinywa kikavu hunywa. Akinywa maji hakuna neno, lakini akinywa chupa ya soda ya mililita 300, amemeza gramu 30 na ushei za sukari kwa ajili ya kulainisha ulimi tu. Dawa hiyo huleta pia uzito wa usingizi unaomfuata mtu mpaka saa nne asubuhi, na aliyelala hatembei.

Hata hivyo dawa hazilingani, na kuzitaja zote kwa jina moja ni kukosa insafu. Katika majaribio ya mirtazapini yaliyofanywa Marekani, watumiaji 17 katika kila 100 waliripoti kuongezeka hamu ya kula, wakati waliopewa kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani yake, walikuwa 2 katika 100. Na waliopata asilimia 7 au zaidi ya uzito wao walikuwa 7.5 katika 100, ilhali katika kundi la kidonge kitupu hakuwapo hata mmoja. Jaribio lililochapishwa mwaka 2000 liliwafuata wagonjwa kwa miezi sita na zaidi, likakuta kwamba kadiri hiyo hiyo ya asilimia 7 ilifikiwa na robo ya waliotumia paroksetini, lakini na asilimia 6.8 tu ya waliotumia fluoksetini na asilimia 4.2 ya waliotumia setralini. Mwaka 2024 ukatoka uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotazama kumbukumbu za watu 183,118: baada ya miezi sita, ukilinganisha na setralini, esitalopramu ilikuwa imeongeza kilo 0.41 zaidi, paroksetini kilo 0.37 na duloksetini kilo 0.34, fluoksetini haikutofautiana na setralini, na bupropioni ilikuwa chini yake kwa kilo 0.22.

Msomaji atacheka: nusu kilo ndiyo iliyozua makelele yote haya? Asifanye haraka. Wastani ni kivuli kinachowafunika watu wawili wasiofanana, mmoja aliyepungua kilo 3 na mwenzake aliyeongezeka 4, na wa pili hafarijiki kwa kuambiwa kwamba jumla yao imegawanywa ikatoka nusu. Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba nafasi ya mtu kuongezeka asilimia 5 ya uzito wake ilikuwa kubwa kwa asilimia 10 hadi 15 kwa watumiaji wa esitalopramu, paroksetini na duloksetini kuliko wa setralini, na hiyo ndiyo lugha inayomhusu mgonjwa.

Lakini ushahidi ninaouthamini kuliko wote katika suala hili ni wa jaribio la fluoksetini lililochapishwa mwaka 1999, nami nitakaa nalo kidogo kwa sababu linazigawanya hesabu ambazo majaribio mengine huzichanganya. Wagonjwa walipewa fluoksetini kwa wiki 12; katika wiki 4 za mwanzo walipungua, kwa wastani, kiasi cha kilo 0.4. Waliopata nafuu wakagawanywa kwa kura: wengine wakaendelea na dawa, wengine wakapewa kidonge kitupu bila kujua, na wote wakafuatwa kwa muda mrefu. Waliotimiza wiki 50 walikutwa wamenenepa katika pande zote mbili: wenye dawa kwa kilo 3.1, na wenye kidonge kitupu kwa kilo 3.2. Tena ongezeko hilo lilifuatana na jinsi hamu ya kula ilivyokuwa imepotea wakati wa kuugua na jinsi ilivyorejea baadaye. Lau wale wa upande wa kwanza wangekuwa peke yao, bila wa pili wa kulinganishwa nao, nani asingeapa kwamba ni fluoksetini iliyowanenepesha? Kilo zile tatu zilikuwa za nafuu.

Kwa upande wa pili, isije ikadhaniwa kwamba kila kilo ni ya nafuu. Mwaka 2018 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za watu karibu 295,000, waliofuatwa kwa muda wa miaka kumi: miongoni mwa walioandikiwa dawa za sonona, matukio ya kuongezeka asilimia 5 ya uzito yalikuwa 11.2 kwa kila watu 100 kwa mwaka, na kwa wasioandikiwa yalikuwa 8.1, na hatari ilikuwa kubwa kabisa katika mwaka wa pili na wa tatu. Uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba dawa ndiyo sababu, kwa kuwa aliyeandikiwa dawa ni mgonjwa na asiyeandikiwa aghalabu si mgonjwa. Lakini unatufundisha kitu kuhusu wakati. Nafuu hukamilika katika miezi; aliyekwisha kurejea uzito wake wa zamani na bado anaendelea kupanda katika mwaka wa pili, hawezi tena kuihesabia nafuu kilo hizo, naye tabibu anayeendelea kumwandikia dawa bila kumpima hana udhuru.

Hayo ni ya nchi ambako kabati la dawa ni pana. Kwetu mambo ni mengine. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeweka amitriptilini na fluoksetini kuwa dawa za sonona, na katika vituo vingi vya umma vya Tanzania na Kenya hizo ndizo zinazotarajiwa kupatikana, na mara nyingi hupatikana moja yao tu. Amitriptilini ni rahisi kwa bei, inajulikana na kila muuguzi, na humpa usingizi mtu ambaye kukosa usingizi ndiko kulikomleta. Kwa hiyo ndiyo itolewayo kwa wepesi zaidi. Lakini angalia ajabu ya mambo: katika suala la uzito dawa hizi mbili zimesimama karibu katika ncha mbili zinazopingana. Hatuna kumi za kuchagua, lakini mbili tulizonazo zinatosha kumfanya tabibu achague kwa kufikiri, akimpa amitriptilini mtu aliyekonda asiyelala, baada ya kuhakikisha kwamba moyo wake hauna hitilafu, na akimpa fluoksetini mama mnene ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa na kisukari. Fauka ya hayo amitriptilini ikimezwa kwa wingi huua upesi kuliko fluoksetini, na huyo anayepewa ni mtu ambaye huenda anatamani kufa. Hiyo peke yake ni sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kumkabidhi vidonge vya miezi mitatu.

Kisha yapo macho ya watu. Kizazi kilichoona UKIMWI ukiingia Rakai na Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mtu akikonda jirani walianza kuhesabu siku zake, kilifundishwa kuogopa kukonda kuliko kunenepa, na katika pwani yetu mwanamke aliyejaa mashavu baada ya maradhi marefu hupongezwa kwamba amenawiri, na mumewe husifiwa kwa kumtunza. Pongezi hizo ni rehema kwa aliyekuwa mifupa mitupu. Kwa mwingine ni pazia: shinikizo la damu na sukari hupanda nyuma yake, naye hajui, kwa sababu kila anayekutana naye anamwambia yu mzima. Na binti yake, aliyezaliwa miaka ya karibuni na kulelewa mbele ya picha za simu, akipewa dawa ile ile na kuongezeka kilo zile zile, huona amefedheheka na kuitupa dawa chooni. Tabibu asiyeuliza mgonjwa wake anaogopa kipi baina ya viwili hivyo, atamhubiria asiyehusika.

Wala wadai wengine wasisahauliwe. Mwanamke anayechomwa sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu, ambayo kuongezeka uzito ni miongoni mwa athari zake zinazojulikana, akianza amitriptilini mwezi ule ule, hawezi kujua kwa hakika ni ipi imfanyayo kunenepa. Mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dolutegraviri, ambayo sasa ndiyo msingi wa tiba katika nchi zetu, huenda akaongezeka kwa sababu ya dawa hiyo, kama yalivyoonyesha majaribio ya Afrika Kusini. Na watu wenye virusi hivyo hushikwa na sonona zaidi ya wengine. Tezi ya shingo ikizembea humletea mtu uchovu, unyonge wa moyo na unene kwa pamoja, hata akatibiwa sonona ambayo chanzo chake ni tezi. Na pale sonona isiposikia dawa moja, tabibu huongeza ya pili, kama vile olanzapini au kwetiapini, ambazo nazo hunenepesha, na olanzapini kwa unene inaipita mbali hata mirtazapini.

Lifanywe nini, basi? La kwanza ndilo rahisi kuliko yote na ndilo lisilofanywa: siku ya kuandikiwa dawa mgonjwa apimwe uzito, kiuno, shinikizo la damu na, panapowezekana, sukari ya damu, kisha aulizwe alikuwa na uzito gani kabla ya kuugua. Swali hilo la mwisho halina gharama hata ya senti moja. Asiyezijua kilo zake za zamani huenda akakumbuka tundu la mkanda alilokuwa akilifunga, au gauni la harusi ya mdogo wake. Navyo ni ushahidi. Baadaye apimwe kila anaporudi kuchukua dawa, na kama ana mizani nyumbani ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula. Kila siku ni mno, kwa kuwa maji ya mwilini hupanda na kushuka kwa kilo moja pasipo mafuta kuongezeka, na mtu ambaye moyo wake tayari unamshitaki hahitaji mashitaka mengine kila alfajiri. Aliyepata kuwa na maradhi ya kujinyima chakula, au ya kula mno na kujitapisha, ni afadhali mizani aiachie muuguzi. Ongezeko juu ya uzito wa kabla ya kuugua likifika asilimia 5, lisingojewe lifike 10, kwani kuzuia kilo ni rahisi kuliko kuziondoa.

Katika chakula, mashauri mengi yanayochapishwa ughaibuni hayana nafasi juu ya mikeka yetu. Tazama chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko 9, yaani gramu 36 na kalori 140 hivi. Kwa mwezi ni zaidi ya kalori 4,000, nazo, kama zingewekwa akiba zote, ni nusu kilo ya mafuta. Anayepunguza vijiko vitatu kuwa kimoja, akazima kiu ya dawa kwa maji badala ya soda na maji ya matunda yaliyotiwa sukari, amefanya zaidi ya yule aliyeacha wali kwa wiki moja akaurudia kwa hasira. Njaa ya amitriptilini na mirtazapini huja usiku, baada ya kidonge. Kwa hiyo ni busara kula chakula cha jioni kwanza, chenye maharage, samaki au dagaa na mboga za kutosha, kisha kumeza dawa na kwenda kulala, bila kuacha mahamri na halua karibu na kitanda. Katika mwezi wa Ramadhani dawa ya mara moja kwa siku huingia vizuri katika saa za usiku baada ya kushauriana na tabibu, lakini futari ya vitu vya kukaanga na vya sukari imewaongezea kilo wengi wasiotumia dawa yoyote, seuze mwenye njaa ya kidonge.

Kuhusu mazoezi nina neno na wahubiri wake. Kutembea dakika 150 kwa wiki, kama lishaurivyo Shirika la Afya Duniani, kunafaa mwili, na kunasaidia kuipunguza sonona yenyewe. Hilo halina ubishi. Lakini kumwambia mtu wa wiki ya pili ya tiba, ambaye kuoga kwake ni jihadi, kwamba akimbie kila alfajiri, ni kumpa kosa jipya la kujilaumia. Aachwe mpaka nguvu zirejee kidogo, ndipo atembee na mtu anayempenda, kwa mwendo wa kuzungumza.

Kubadilisha dawa ni mlango mwingine, na ufunguo wake uwe mkononi mwa tabibu. Mtu aliyejaribu kujiua mara mbili, akapata dawa iliyomrejeshea uhai, si wa kubadilishiwa kwa sababu ya kilo 4. Yule ambaye nafuu yake ni haba na unene wake ni mwingi, abadilishiwe bila kusitasita. Kwa sonona iliyo nyepesi na liulizwe kwanza kama kidonge kinahitajika: katika Zimbabwe, tangu mwaka 2006, mpango wa benchi la urafiki ulioanzishwa na tabibu Dixon Chibanda umewafunza kina bibi wa mitaani kuwasikiliza wagonjwa na kuwaongoza katika kutatua matatizo yao, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha manufaa yake; mpango huo umefika hata Zanzibar, nao hauongezi kilo. Metfomini, dawa ya kisukari, hutumika pia kupunguza unene, lakini ushahidi wake ulio imara ni kwa dawa za maradhi ya wazimu zaidi kuliko kwa dawa za sonona. Na mwenye kutumia dolutegraviri asipewe metfomini kiholela, kwa kuwa ya kwanza huizidisha ya pili katika damu. Sindano mpya za kupunguza uzito, kama semaglutaidi, zina nguvu kweli, na zina bei inayozifanya kuwa habari za watu wengine.

Jambo moja halina rai mbili: dawa isikatwe ghafula. Anayeitupa leo kwa hasira ya kioo, kesho kutwa huweza kupata kizunguzungu, ndoto za kutisha, ghadhabu zisizo na sababu na mishtuko kichwani mithili ya umeme, hasa akiwa katika paroksetini au venlafaksini, ambazo hutoka mwilini upesi. Fluoksetini hukaa wiki kadhaa, na kwa hiyo huaga kwa upole. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 umeagiza dozi ipunguzwe hatua kwa hatua.

Wapo pia wanaokonda, na habari zao hupita kimya kwa sababu hakuna anayelalamika. Mzee wa kilo 48 anayepewa fluoksetini, akashikwa na kichefuchefu na kukiacha chakula, anaweza kufika kilo 44 huku ndugu wakisema ni uzee. Na kijana wa kike anayefurahia kupungua kwake huenda ameyapata katika dawa yale aliyokuwa akiyatafuta kwa kujitapisha. Kwa huyo bupropioni imekatazwa, kwani huweza kumletea kifafa. Kwa yule mzee, kumeza kidonge pamoja na chakula huweza kutosha. Kisipotosha, dawa ibadilishwe mapema, kabla misuli haijaisha.

Linabaki swali la mwisho wa tiba. Aliyepata nafuu hushauriwa kuendelea na dawa kwa miezi 6 hadi 12 zaidi, kisha akaachishwa pole pole, na wengi walionenepa kwa dawa za kundi la amitriptilini hupungua baada ya hapo, ingawa si wote, wala hazirudi kilo zote. Basi mgonjwa apimwe siku ya kuanza kupunguza dozi, na apimwe tena baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu. Akionekana kupungua taratibu huku analala, anakula na kucheka, dawa inatoka. Akionekana kukonda upesi, na chakula kimekosa ladha, asipongezwe: aulizwe siku ile ile juu ya usingizi wake na juu ya fikra za mauti, kwa kuwa huenda kinachorudi ni sonona.